Trei Tano za Mayai

Kwetu Rosario mtu akihitimu chuo hapongezwi kwa maua. Anangojwa nje ya mlango, anamwagiwa unga na kupigwa mayai mpaka macho hayaoni. Kaka yangu Lisandro alihitimu mwaka jana, bei zikipanda kila Jumatatu, na Mama akampiga kwa unga mtupu. Mbele za watu Mama alicheka. Tulipofika nyumbani alilia, na mimi sijasahau.

Mwaka huu ikawa zamu yangu kutetea tasnifu pale Kituo cha Utafiti wa Uchumi. Miaka miwili nilihangaika na takwimu ili niseme jambo moja tu: mfumuko wa bei umeanza kutulia. Mtahini mkuu, Profesa Etchart, mwanamke asiyeamini hata saa yake mwenyewe, akafunua ukurasa wa mwisho.

"Binti, takwimu zako zimeishia Desemba. Leo ni Juni. Nitajuaje kama bei hazijapaa tena?"

Sura ya nne, ya bei za mwaka huu, niliiacha kiporo, uvivu wangu mwenyewe, na sasa miaka miwili ilikuwa inaniponyoka hivi hivi. Nikageukia dirisha nivute pumzi. Chini uani nikawaona Mama na Lisandro, wamebeba trei za mayai.

"Profesa, samahani. Hebu njoo uone pale chini."

Akaja, akavaa miwani. "Trei tano," akasema.

"Yule ni mamangu. Mwaka jana kaka yangu hakupata hata yai moja. Na Mama ninavyomjua, hawezi kutupa kitu ambacho bei yake inamuuma."

"Familia moja si utafiti, binti."

"Basi muulize mwenyewe."

Nilidhani atanifukuza. Kumbe akafungua dirisha. "Mama, mayai bei gani siku hizi?"

"Ile ile ya Pasaka," Mama akajibu. "Kwani vipi, mwalimu, mmemfelisha mwanangu? Maana mimi haya sirudi nayo nyumbani."

Watahini wengine wakaangua kicheko. Profesa Etchart hakucheka, ila alirudi kitini akaandika: amefaulu, aongeze takwimu za miezi sita ndani ya wiki mbili.

Niliposhuka sikupewa hata nafasi ya kusalimia. Trei tatu ziliniishia kichwani. Nikiwa nafuta ute machoni nikamwona Mama anamgeukia Lisandro, na trei mbili bado zipo.

"Mama, mimi nilihitimu mwaka jana," Lisandro akasema, anarudi kinyumenyume.

"Najua," Mama akasema. "Simama hapo hapo."