Siku Bibiane Alipofungiwa Nje

Kwa Bibiane, mshonaji wa Lubaga, mlango ulifungwa saa mbili asubuhi, na aliyekuwa nje alibaki nje mpaka wakati wa chai. Mafundi wake walilijua hilo kama wanavyojua majina yao. Hakukuwa na kugonga, hakukuwa na kubembeleza. Aliyechelewa alikaa kwenye benchi la ubarazani, akatazama watu wakipanda kilima kwenda kanisani, na akawaza.

Hakuanza na ukali huo. Alipofika Kampala akitokea Uvira, Kongo, vita vimemkimbiza na mumewe amekwisha kuzikwa, alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Alikodi chumba kirefu chini kidogo ya kanisa kuu, akanunua cherehani moja, kisha nyingine, akaajiri mafundi mmoja mmoja. Fundi akichelewa alimwambia pole na kumtengea chai. Mpaka ilipofika Jumamosi moja, ambapo gauni la bibi harusi lilikuwa limebakiza kutiwa zipu na kuwekwa shanga za shingoni, na fundi wa kumalizia akaja adhuhuri akijikuna kichwa. Bibi harusi alikwenda kanisani amevaa gomesi, vazi la heshima la Kiganda, aliloazima kwa shangazi yake, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Gauni halikumuuma sana Bibiane; gauni hulipwa. Kilichomchoma ni maneno ya yule shangazi, aliyesema mbele ya watu: "Hawa Wakongo kushona wanajua. Saa ndiyo hawaijui."

Jumatatu yake akawakusanya mafundi. "Kuanzia leo sitaki kusikia sababu," aliwaambia. "Sababu ziacheni nyumbani. Hapa leteni mikono." Ufunguo akampa Mzee Ocen, mpiga pasi, mwanajeshi mstaafu mwenye mgongo ulionyooka kama ubao, ambaye alimwita mwajiri wake "afande" na hakuwa akitania.

Amri ilifanya kazi. Wateja walirudi, kwaya za makanisa zikaleta majoho, shule zikaleta sare, na hakuna aliyeambiwa tena "njoo kesho". Mtu mmoja tu ndiye aliyeshindikana: Alal.

Alal alikuwa binti mwembamba wa Kiacholi, mke wa polisi, akikaa katika kambi iliyokuwa ng'ambo ya kilima. Mkono wake kwenye kola haukuwa na mfano. Kola ya Alal ililala shingoni kama imezaliwa pale. Lakini wiki haikupita bila kumwona benchini, tena si mara moja. Bibiane alimwonya, akamwonya tena. Alal alisema, "Nisamehe, Mama," na kesho yake akakaa benchini vilevile. Wenzake walianza kunung'unika. Darlène, msichana wa Bukavu mwenye ulimi mwepesi, aliuliza kwa sauti kama benchi lile sasa limeandikwa jina la mtu. Bibiane akaona hana budi. Alimpenda yule binti, lakini karakana haiendeshwi kwa mapenzi. Aliamua kwamba wiki hiyo ikiisha atamwachisha kazi.

Jumatatu ya wiki hiyo Bibiane alidamka kwenda Kikuubo kununua uzi na zipu. Alipenda kufika huko maduka yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa, kabla wachukuzi hawajajaza vichochoro kwa marobota na mtu akawa hana pa kuweka mguu. Alichagua uzi wake wa buluu, akabishana kidogo na mwenye duka, ambaye aliapa kwamba buluu ile na buluu ya sampuli ni mtu na ndugu yake. Bibiane alimwambia ndugu hao hawafanani hata kidogo, akapata uzi aliotaka. Mambo yote yalikwenda vizuri, na muda ulikuwa tele.

Alipogeuka atoke, akasikia mtu akiita, "Mama Bibiane! Mama Bibiane wa Uvira!"

Alikuwa Exaucée, mtoto wa jirani yake wa zamani. Mara ya mwisho kumwona alikuwa kibinti wa kuchezea vumbi. Sasa alikuwa mama mzima, mtoto mgongoni, amekuja kununua vitenge vya kuuza. Walikumbatiana katikati ya njia mpaka wachukuzi wakawapigia kelele. Wakajibanza kwenye kibaraza cha duka. Na mama yako? Yu hai, ana nguvu, anauza dagaa. Na nyumba yangu? Paa limekwenda, lakini mwembe umezaa mpaka matawi yanalia. Na padri wetu? Na yule mwendawazimu wa sokoni? Kila jibu lilizaa swali jingine. Bibiane alicheka, akalia, akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake, akacheka tena. Miaka yote ya Kampala hakuwahi kuzungumza hivyo, kwa lugha ya mtaa wake, na mtu aliyejua rangi ya mlango wake.

Walipoagana, jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mapaa. Bibiane aliangalia saa ya mkononi: saa mbili ilikuwa imekwisha pita.

Alifika Lubaga anahema. Mlango ulikuwa umefungwa. Akagonga.

Kidirisha cha mlangoni kikafunguka kidogo. "Nani?" akauliza Mzee Ocen.

"Ni mimi. Fungua."

Mle ndani vyerehani vilianza kunyamaza, kimoja baada ya kingine, mpaka Bibiane akasikia pumzi yake mwenyewe.

"Afande," akasema Ocen, "saa imepita."

"Najua imepita, Mzee Ocen. Fungua mlango."

"Amri ulitoa wewe. Kama unaifuta, sema tu kwamba umeifuta, na mimi nafungua saa hii hii. Lakini kama amri bado iko, mimi nitawaambia nini hawa?"

Bibiane alifungua mdomo. Hasira ilikuwa imempanda: chumba chake, vyerehani vyake, kodi anayolipa yeye! Ni neno moja tu lililotakiwa. Akawaza mafundi walioketi mle ndani wamekaza masikio. Akijifungulia mwenyewe leo, kesho ni nani atakayeamini kwamba saa mbili ni saa mbili?

"Amri iko palepale," alisema. "Endeleeni na kazi."

Akageuka, akaenda kukaa kwenye benchi. Hapo ndipo alipomwona Alal, ambaye alikuwa amesimama wima ukutani kwa hofu, joho la kwaya mkononi.

"Kaa, binti yangu," Bibiane akamwambia. "Leo mimi nawe tuko sawa."

Wakakaa. Bibiane aliangalia sindano ya Alal ikipanda na kushuka kwenye pindo la joho, mishono midogo midogo, iliyo sawa sawa. "Hiyo kazi umeitoa wapi?"

Alal akainamisha kichwa. "Mzee Ocen ananipitishia dirishani, Mama. Kila nikichelewa. Mimi siwezi kukaa hapa mikono mitupu, watu wanapita."

"Kila ukichelewa?"

"Kila mara. Pindo za majoho yale ya Pasaka, nyingi nilimalizia hapa."

Pasaka Bibiane aliwasifu mafundi wote kwa pindo zile. Mama mkuu wa kwaya alizigeuza nje ndani akatafuta kasoro akaikosa. Akamtazama yule binti kama anamwona upya. "Alal, kwa nini unachelewa?"

"Mama, ulisema sababu zikae nyumbani."

"Nilisema. Sasa nami niko nje. Zilete."

Alal akacheka kidogo, akajizuia. "Ni juu ya maji, Mama. Kambini bomba ni moja, na foleni yake haiangalii nani amefika kwanza. Inaangalia cheo. Bibi ya inspekta anachota, halafu bibi ya sajenti, halafu bibi ya koplo. Bwana yangu ni konstebo, tena konstebo wa juzi. Mimi nachota wakati dunia yote imemaliza kuoga."

"Hata ukidamka?"

"Hata nikilala pale bombani na kukumbatia dumu."

Bibiane alijaribu kubaki na uso wa mwajiri, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata Alal naye akaangua. "Na wewe, Mama," binti akathubutu kuuliza, "umechelewa juu ya nini?"

"Juu ya maneno matamu," Bibiane akasema. "Nimekutana na mtoto wa kwetu." Akamsimulia habari za Uvira, na Alal akamsikiliza bila kuachia sindano.

Walikuwa hivyo wakati mwanamke mnene mwenye mtandio wa kijani alipopanda ubarazani, akafuta jasho, akasema, "Salaam aleikum. Namtafuta fundi Bibiane."

"Ndiye mimi. Karibu."

Mgeni alisikiliza ngurumo ya vyerehani mle ndani, akautazama mlango uliofungwa, kisha akawatazama wale wawili. "Mbona uko nje?"

Bibiane alifikiri aseme uongo gani, akaona haufai. "Nimechelewa," alisema. "Hapa anayechelewa anangoja nje mpaka wakati wa chai."

"Hata mwenye karakana?"

"Leo ndiyo tumejua kwamba hata mwenye karakana."

Mwanamke yule alicheka mpaka akashika nguzo. Jina lake lilikuwa Zulaika, na alikuwa na hoteli ndogo Port Bell, kando ya ziwa, iliyokuwa karibu kufunguliwa. Fundi wake wa kwanza aliapa kwa Mungu kuhusu sare za wafanyakazi, kisha akawa anajificha nyuma ya pazia kila akimwona. "Nimechoka na viapo," alisema. "Nisogezeeni, nikae. Nami nimechelewa kukujua." Akajibana kati yao, na palepale benchini wakaanza kuongea vitambaa, mifuko na mikono mifupi kwa sababu ya joto la ziwani. Alal alipopendekeza kola iwe ndogo ili isilowe jasho, Zulaika alimgeukia Bibiane: "Huyu ndiye ninayetaka azishone."

Wakati wa chai mlango ulifunguliwa. Mafundi walikuwa wamejipanga kama wanaopokea bibi harusi, nyuso zimekaza kuzuia kicheko. Mzee Ocen alisimama wima, jasho likimtiririka kando ya masikio.

"Mzee Ocen," Bibiane akasema, "umefanya vizuri. Kikombe cha kwanza ni chako."

Ocen akashusha pumzi ndefu. "Afande, hata vitani sikuogopa hivi."

Kicheko kikapasuka chumba kizima. Kilipotulia, Bibiane akawaambia kwamba kuanzia kesho Alal ataingia baada ya maji yake, na jioni atabaki kumalizia na kufunga mlango wenzake wakiwa wameondoka. Kazi ni ileile, masaa ni yaleyale, yamesogea tu.

"Basi hata mimi nisogezewe," Darlène akadakia.

"Sema sababu yako. Leo nasikiliza."

Darlène alitafuta kwenye dari, akatafuta kwenye kikombe. "Usingizi, Mama," alisema hatimaye, na mwenyewe akacheka.

"Usingizi utaendelea kukaa benchini," Bibiane akamjibu. "Lakini nimefurahi hukunidanganya."

Sare za Zulaika zilikamilika kabla ya siku yake, na Bibiane alizipeleka mwenyewe, akamchukua Alal. Hotelini wapishi na wahudumu walivaa palepale, wakajigeuza mbele ya kioo, na mpishi mkuu, aliyekuwa na shingo nene ya kusumbua mafundi, akafunga kifungo cha juu na kuguna kwa raha. Zulaika akawakalisha nje na kuwaletea sato wa kukaanga na ndizi. Bandarini feri ilikuwa ikipakia mabehewa ya treni, moja moja, taratibu, na watu wakipigiana kelele za "rudi nyuma, rudi nyuma".

Alal aliacha kula, akatazama behewa likiingia tumboni mwa meli. Alikuwa hajawahi kuona jambo hilo. "Mama," akauliza, "turudi kazini sasa? Jua linakwenda."

"Kula samaki wako," Bibiane akasema, akanyoosha miguu yake kuelekea ziwani. "Meli haijaondoka."