Mahali Aliposimama Mitsuyo

Katika mkahawa wa Sadaharu pale Morioka watu hawazungumzi. Wanakunywa kahawa na kusikiliza muziki. Asubuhi hiyo mlango ulikuwa bado umefungwa, na Orihara, fundi wa amplifaya, alikuwa amepiga magoti akikaza nyaya huku akijisifu. Ile ya zamani, alisema, ilikuwa na transfoma moja iliyolisha pande zote mbili, ndiyo maana sauti za kushoto na kulia zilivujiana, zikarundikana katikati. Hii yake ni kama mbili ndani ya boksi moja: kila upande na umeme wake.

"Leo utawaona wapiga muziki mpaka walipokanyaga, mzee. Usije ukawamiminia kahawa."

Sadaharu akacheka, akaweka kanda ile ile. Waliirekodi humu humu, majira ya baridi ya mwisho ya mkewe, Mitsuyo. Mume na mke walikuwa wamegombana, hawasemezani. Sadaharu alipiga piano katikati ya chumba, macho kayafumba, Mitsuyo akiimba. Rafiki yao Kanji alishika besi upande wa kulia. Mitsuyo akafa kabla ya theluji kuyeyuka, bila kutamka kwamba amemsamehe. Lakini kila mara kanda ilipochezwa, sauti yake ilitokea pale pale kwenye piano, begani kwa mumewe. Alikuja kusimama kwake. Sadaharu aliishi kwa hilo.

Piano ikaanza katikati, safi kama maji.

Mitsuyo akaimba kulia kabisa, ukutani, karibu na Kanji kiasi kwamba pumzi zao zilisikika mahali pamoja.

"Umechanganya nyaya," Sadaharu akasema.

"Si uliniambia Kanji alikaa kulia? Besi yake inatoka huko huko. Nyaya ziko sawa, mzee."

"Nirudishie ya zamani."

Orihara akairudisha, amenuna. Mitsuyo akarudi katikati. Lakini sasa Sadaharu aliusikia ule mvujo wa sauti: piano, besi na mwanamke vimerundikwa kama nguo chafu kapuni. Akafumba macho kama siku ile, akangoja joto la mtu begani. Halikuja. Mitsuyo hakuwahi kumsogelea. Alisukumwa katikati na mashine.

Orihara akauliza aache ipi.

"Yoyote," Sadaharu akasema, akaenda kuosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.