Nyamazeni, Matano Amelala

Matano aliamka amechoka kuliko alivyolala. Kichwa kilimgonga kisogoni, mdomo ulimkauka, na mwili wote ulimuuma kama mtu aliyetwanga mpunga usiku kucha. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaegemeza viwiko magotini, na kabla mkewe hajamaliza kuchochea moto uani, alikuwa ameshasinzia tena vilevile, amekaa.

"Baba Zubeda!" Sikuzani aliita kutoka nje. "Leo mkutano, mwenzangu. Usije ukalala mbele ya bwana mkubwa wa wilayani."

"Silali."

"Unalala sasa hivi, nakuona."

Chai ilikuwa ya mchaichai, haina sukari. Sukari ilionekana mara ya mwisho katika duka la kijiji mwezi wa Ramadhani, na sabuni iliyobaki nyumbani ilitosha kufulia shati moja tu la Matano, hilo alilolivaa asubuhi ile. Sikuzani alilipiga pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama. Mume akienda kushitakiwa, alisema, aende msafi.

Mashitaka yenyewe yalikuwa ya ajabu. Matano ndiye aliyekuwa dereva wa trekta la kijiji, trekta pekee katika vijiji vya jirani upande ule wa Mzenga. Kazi alijifunzia Kibaha, akarudi na kofia ya kitambaa na maringo kidogo, na kwa miaka mingi hakuvunja jembe wala hakupindisha mstari. Lakini miaka miwili hii usingizi ulikuwa ukimwinda. Alilala na tonge mkononi. Msikitini alilala kwenye sijida, akainuka wenzake wameshavaa viatu. Na wiki iliyopita usingizi ulimkuta juu ya trekta lenyewe. Trekta likatoka katika shamba la ujamaa, likavuka njia, likaingia katika mihogo ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbaraka, huku linalima. Mzee alikuja mbio amejifunga taulo kiunoni, akapiga kelele weee, kisha akasimama akaitazama ile mistari. Ilikuwa imenyooka. Hata yeye alikiri.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mganga aliyekuwapo zahanati kabla ya huyu wa sasa alimpa klorokwini, akaja akampa tena. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, aya za kusuuzwa kwa maji, akanywa. Wengine walisema kaumwa na mbung'o, ni malale hayo. Wengine wakasema karogwa. Na wengine, wachache lakini wenye sauti, wakasema ni uvivu. Bwana Didas, afisa aliyeletewa habari wilayani, alilichagua hilo la mwisho.

Hilo ndilo lililomuuma Matano. Kurudi kwenye jembe la mkono kusingemuua. Baba yake aliishi nalo na akafa mzee. Ila siku zile kuitwa mvivu kulikuwa kubaya kuliko kuitwa mwizi. Mwizi angalau anaamka mapema.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la korosho, kwa kuwa korosho zenyewe hazikuwamo. Watu walikaa juu ya magunia matupu na majamvi. Land Rover ya Bwana Didas iliegeshwa mlangoni, na ndani yake alikaa kijana mnene mwenye kofia mpya ya udereva, ambaye kila mtu alishajua kuwa ni shemeji wa Bwana Didas. Kofia ile ilifika kijijini kabla ya hukumu.

"Kidumu Chama!" alianza Bwana Didas.

"Kidumu!"

"Ndugu wananchi, nitasema kwa ufupi." Akasema kwa urefu. Akasema trekta ni mali ya umma, na anayelala juu ya mali ya umma anahujumu uchumi. Akasema kupe, yaani wanyonyaji, wako wa aina nyingi, na kupe anayesinzia ni kupe vilevile. Ghala lilikuwa na joto, bati likilia juu, na sauti ya Bwana Didas ilikuwa nzito na ya kwenda palepale. Matano alijifinya paja. Akaanza kuhesabu misumari ya darini. Kisha kidevu kikashuka kifuani.

Kicheko ndicho kilichomwamsha. Bwana Didas alikuwa amemnyooshea kidole.

"Mnaona wenyewe! Nahitaji ushahidi gani tena?"

"Mimi ninao, mheshimiwa," ikasema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Zahoro, utingo wa trekta. Zahoro alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyeletwa pwani ujanani na kazi ya kukata mkonge, akaoa, akabaki. Kwa Wazaramo wa kijiji kile alikuwa mtani, na utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ni wa tangu enzi za misafara. Mtani huweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na usikasirike. Msibani ndiye anayelala ndani ya kaburi na kudai alipwe ndipo atoke. Bwana Didas alikuwa mtu wa mbali, hakuyajua hayo, akadhani amepata shahidi.

"Njoo mbele, ndugu. Eleza."

"Sielezi, mheshimiwa. Naonyesha."

Watu wakaanza kucheka kabla hajafika. Zahoro akakusanya magunia, akajilaza chali katikati ya ghala, akalitunisha tumbo, akaachama. Akaanza kukoroma. Alikoroma kama watu wawili wanaokokota kabati kwenye sakafu ya saruji. Kisha, ghafla, kimya.

Watu wakaziba midomo. Sehemu hii waliijua, ndiyo tamu kuliko zote, na Zahoro aliwafanyia kwenye kila harusi. Alilala pale hatoi sauti, kifua kinajitahidi kupanda na hakipandi, vidole vya mguu vinatetemeka. Kimya kikaendelea. Mtoto mmoja akaangua kicheko, akapigwa kofi la mgongo. Kisha Zahoro akashtuka kama mtu aliyevutwa nywele kutoka mtoni Ruvu, "Ghraaaa!", akavuta hewa kwa pupa, akageuka, akaanza kukokota kabati upya.

Ghala lilivunjika kwa kicheko. Mzee Mbaraka alifuta machozi kwa kanzu. Sikuzani alijifunika khanga usoni, mabega yanamtikisika. Matano mwenyewe alicheka, angefanyaje, maana mtani akikufanyia hivyo usipocheka umeshindwa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Efrazia, mganga mpya wa zahanati, mama wa makamo kutoka Bukoba, alikuwa amekuja mkutanoni kuomba bati la paa lake linalovuja. Sasa alikuwa amesimama.

"Bwana Zahoro, hebu rudia."

Zahoro akafurahi, akarudia. Wakacheka tena.

"Hapo katikati unaponyamaza," alisema Efrazia. "Unatia chumvi?"

"Chumvi? Daktari, napunguza! Nikimwiga sawasawa nitakufa mimi, na Wazaramo hawa hawatanizika, watacheka tu mpaka nioze."

"Anafanya hivyo kila akilala?"

"Kila mchana tukipumzika kivulini mwa trekta. Akilala chali ndiyo usiseme."

Kicheko kilianza kupungua. Efrazia akamgeukia Sikuzani. "Na usiku, mama?"

Sikuzani alishusha khanga. "Mimi nilihamia chumba cha watoto, Daktari. Niliona ni makelele tu."

"Akiamka, kichwa kinamuuma?"

"Kila siku ya Mungu."

Efrazia alitaka tochi, lakini betri hazikuwapo wilaya nzima. Akamvuta Matano mpaka mlangoni, akamgeuza uso kwenye jua, akaomba kijiko. Matano akaachama mbele ya kijiji kizima, mbele ya shemeji mwenye kofia. Efrazia akakandamiza ulimi, akachungulia, akaguna.

"Una mafindofindo, baba. Mawili, makubwa, yanakaribia kugusana. Mchana yanakuachia njia. Ukilala, nyama za koo zinalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inaziba. Hewa haipiti. Mwili unaona roho inatoka, unakushtua uvute pumzi, kisha unalala tena, kisha njia inaziba tena. Hivyo mpaka alfajiri. Nilikouguzia zamani tulikuwa na watoto wa namna hii, na mtu mzima mmoja. Naye walimwita mvivu."

"Mimi usiku siamki, Daktari," alisema Matano. "Nalala fofofo."

"Unaamka mara nyingi mno, ila hukumbuki. Unadhani umelala, kumbe ulikuwa unapigania roho."

Watu walimtazama Matano, kisha wakatazamana. Walikuwa wamekicheka kile kimya miaka miwili. Harusini, kwenye ngoma, kisimani. Zahoro alikuwa bado amekaa juu ya magunia na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mimi nilidhani ananifanyia mzaha," alisema. "Wallahi, nilidhani hata usingizini ananitania."

Matano aliogopa, nani asingeogopa? Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinapanda, na alipokitambua kilikuwa furaha tupu, furaha ya kutaka kupiga vigelegele kama mwanamke.

"Kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Baba, hapa hakuna anayefanya kazi kukushinda. Wenzako wanapumzika usiku, wewe uko zamu."

Vigelegele alivipiga Sikuzani kwa niaba yake. Wanawake wengine wakaitikia, na ilimbidi Bwana Didas agonge meza mara kadhaa.

"Daktari, hiyo ni hadithi nzuri. Una barua ya hospitali kuu?"

"Nitamwandikia rufaa leo. Dar es Salaam watamkata mafindofindo. Ila foleni ya upasuaji ni ndefu, itafika mwakani."

"Basi mwakani tutazungumza. Kwa sasa serikali haitambui ugonjwa usio na barua. Trekta litachukuliwa na ndugu yule pale." Shemeji akarekebisha kofia.

Mzee Mbaraka alikohoa. Yeye ndiye aliyelimiwa mihogo, na kila mtu alimngoja.

"Daktari, mpaka hiyo mwakani, hakuna la kumsaidia?"

"Asilale chali. Akilala ubavu, huenda koo likaachia. Si dawa, ni kumsogeza tu mpaka siku ya upasuaji. Na asipande trekta mpaka ukungu huu umtoke kichwani."

"Mvua bado. Trekta litamngoja dereva wake." Mzee akamgeukia Matano. "Lala."

"Shikamoo, mzee, umesema nini?"

"Marahaba. Lala hapo, kwa ubavu. Tusikie wenyewe kama ni uvivu au ni koo. Zahoro, mpangie magunia."

"Mwenyekiti!" Bwana Didas alisimama. "Huu ni mkutano halali. Huwezi kuusimamisha ili mtu alale! Mimi nina ratiba, nina mafuta ya kunifikisha na kunirudisha tu!"

"Shh," alisema Mzee Mbaraka. "Mtu analala."

Matano alijilaza. Aliona aibu, akafumba macho ili asione anavyotazamwa. Alisikia majamvi yakisogezwa, kina mama wakiwanyamazisha watoto, mlango ukisukumwa kupunguza mwanga. Alifikiri kwamba hawezi kulala na watu mia wanamsikiliza. Alifikiri hivyo mara moja tu.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehama upande wa pili wa ghala. Hakuelewa kwanza ni nini kimepungua, kisha akaelewa ni kichwa. Hakikuuma. Alikigeuza kushoto, akakigeuza kulia, kama anayejaribu kofia dukani. Hewa iliingia puani na kutoka. Alihisi njaa, alihisi harufu ya magunia, aliona vumbi likicheza kwenye mwanga wa mlango, na alitaka kucheka bila mtu kumchekesha.

Kijiji kilikuwapo. Walikaa palepale, kimya, wengine wanasuka ukili, wengine wananyonyesha. Efrazia alikuwa karibu na kichwa chake, anatabasamu. Bwana Didas hakuwapo, wala Land Rover, wala kofia.

"Kale kabwana kameondoka lini?" aliuliza Matano.

"Zamani. Kamesema katarudi na barua ya wilaya ya kukutoa kwenye trekta," alisema Sikuzani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hujakoroma, Baba Zubeda. Ulipumua tu. Mimi nilishasahau unavyopumua. Nitakushonea kidaka cha nazi mgongoni mwa shati, ukitaka kulala chali kikuchome. Na leo narudi chumbani kwangu."

Wanawake wakacheka kwa sauti ya chini, kama kwamba bado amelala.

Matano alitaka kujigeuza, akashindwa. Kitu kigumu kilimzuia mgongoni. Akapapasa, akashika magoti. Zahoro alikuwa ameketi nyuma yake, amemkingia mgongo kwa miguu yake miwili, na kwa jinsi alivyokunja uso, alikaa hivyo tangu mwanzo.

"Toka, Mzaramo wewe," alisema Zahoro. "Miguu imekufa ganzi. Babu yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo, lakini mzigo kama wewe hakuuona." Alitaka kuendelea kutania, badala yake akainamisha uso akaufuta kwa kiganja. "Nisamehe, mtani."

"Nilicheka na mimi," alisema Matano. Akamshika mkono, akamwinua, na wote wawili wakapepesuka. Kisha akamtazama mwenyekiti. "Na huyo bwana akirudi na hiyo barua, mzee?"

Mzee Mbaraka alikuwa anakung'uta kanzu, tayari kwenda kuswali.

"Akirudi," alisema, "tutakulaza tena."