Mlango wa Buluu Nyuma ya Msikiti

Hodi ilisikika kabla mtu hajaonekana. Zaituni alikuwa jikoni akisonga ugali, na kwa kuwa mwiko haukumpa nafasi, aliitikia bila kugeuka.

"Nani?"

"Wanzala wa Butere," sauti ilijibu. "Nimesikia salamu zako redioni. Nimekuja kuziitikia."

Zaituni alichungulia. Mlangoni palikuwa na kuku wa jirani, jua la jioni, na sauti ya mwanamume mzima iliyosimama kando ya mlango, upande, ili isionekane inapeleka macho ndani. Mtu mwenyewe hakuwepo. Alivuta ushungi, akasema baba yake bado hajatoka sokoni. Sauti ilimwomba amsalimie, ikashika njia. Naye akarudi kwenye sufuria kabla ugali haujashika madonge.

Wiki iliyotangulia alikuwa ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu. Watu wa kadi walijificha nyuma ya majina ya kujipa: Simba wa Khwisero, Malkia wa Miwa, Mtoto wa Nyumbani. Lakini chuoni, kwenye masomo ya Kurani, Maalim Wetindi aliwafundisha kwamba anayebisha hodi akiulizwa ni nani hutaja jina lake, hasemi "ni mimi" kama mwizi. Zaituni alikuwa msichana wa kushika mafunzo. Aliandika: Zaituni binti Osundwa, nyumba ya mlango wa buluu, nyuma ya msikiti, Kakamega. Palipotakiwa majina ya wanaosalimiwa alikaa na kalamu muda mrefu. Mama yake alikuwa amefariki kabla ya mvua za mwaka ule, na baba yake hakusikiliza redio. Mwishowe aliandika: wote wanaonisikia.

Salamu ni deni la kuitikiwa, kwa hiyo wote waliomsikia walikuja. Zilikuja sauti kutoka Lodwar zikiwa na kiu, na sauti kutoka Voi zikilalamikia baridi. Kulikuwa na ya mwalimu mstaafu aliyesahihisha Kiswahili cha kila mtu, na ya mama mmoja wa Chekalini aliyetaka tu kujua kama mahindi ya huku yameota. Zilibisha, zikajitaja, zikaitikia salamu, zikaondoka.

"Zaituni, mayi," Nasambu, jirani, alimwambia juu ya ua, "hao wageni wako wanasimamanga kwa nguo zangu. Jana moja ya Kitui imeniuliza bei ya blanketi! Waambie wapite ile njia ya choo."

"Nitawaambia, mama."

"Na ukipata wa Bungoma, mpe salamu apelekee dada yangu. Barua zake hazifikangi."

Osundwa, baba yake Zaituni, aliuza mapazia sokoni. Nusu ya madirisha ya mji yalifungwa kwa kitambaa alichokipima kwa mkono wake. Habari za kadi alizipata kwa wateja, waliomwita Baba Mlango wa Buluu na kucheka. Alirudi nyumbani na bisibisi. Hakumuuliza bintiye alichoandika wala kwa nini. Aliung'oa mlango wa chumba cha Zaituni, akautoa nje na kuuegemeza kwenye tangi la maji.

"Anayetaka kuonekana na Kenya nzima," alisema, "mlango wa nini?"

Redio aliipeleka kwa fundi na kumwambia asiitengeneze. Ijumaa, watu walipomaliza kuswali, alisimama mbele ya wanaume, akaisimulia kadi yote ili wazazi wengine wapate funzo. Jumamosi, chuoni, wasichana walisogea kando mkekani, na Zaituni akapata nafasi ya kutosha kulala.

Maalim Wetindi alikuja jioni ile. Alibisha, akajitaja, akakaribishwa sebuleni. Zaituni alisikia kila neno kitandani kwake, maana hapakuwa na kitu cha kuyazuia.

"Aibu ya mtoto husitiriwa, Osundwa. Wewe umeipandisha kwenye mimbari."

"Nimemrudi, Maalim. Ulitaka nimchekee?"

"Kumrudi mtoto ni kumrudisha kwako. Huyu umemsukuma. Chumbani kwake unabisha hodi?"

"Nyumba nimejenga mimi. Nibishe hodi kwangu mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwako mwenyewe."

Osundwa alikohoa. "Akitii, mlango nitaurudisha."

Mvua ilinyeshea mlango, ukavimba. Sauti sasa zilifika hadi chumbani, lakini hakuna iliyovuka. Zilisimama pembeni ya fremu tupu, zikabisha mara tatu, na Zaituni aliponyamaza zilirudi zilikotoka, hata ile ya Lodwar. Osundwa alizipita kila jioni akiwa na viatu miguuni, akanyanyua godoro, akapekua mto, akatoka. Zilimpisha kwa heshima, kama mwenye nyumba.

Watu wana kazi zao. Sauti zilipungua, zikabaki chache, halafu ikabaki moja. Hiyo ilikuja baba akiwa ameenda kuswali magharibi.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi."

Zaituni hakuitikia. Kesho yake ilirudi. Haikusimama pembeni kama zile nyingine. Ilisimama katikati ya fremu kabisa, na pale iliposimama hewa ilikuwa na joto kidogo. Ilimuuliza kama amekula. Hakuna aliyemuuliza hilo tangu mama yake azikwe, kwa hiyo alijibu. Ikamuuliza kwa nini macho yamevimba, na hilo pia akajibu. Ikamuuliza baba hupita njia gani akienda msikitini, na hukawia kiasi gani.

"Hiyo ya jioni siipendi," Nasambu alisema juu ya ua. "Nimeisalimia mulembe, imeninyamazia. Sauti gani hainanga jina?"

"Labda ina haya, mama."

"Haya! Na imejaa mlangoni hivyo?"

"Mlango uko kwenye tangi," Zaituni alisema.

Alhamisi Osundwa alirudi mapema. Alikuja hadi kwenye fremu, akasimama. Mkononi alikuwa na pazia la maua ya njano, kipande kilichobaki, upana wake sawasawa na upana wa mlango. Alisafisha koo. Zaituni aliketi wima kitandani, akaweka ushungi vizuri. Neno "karibu" alilitayarisha mdomoni, likakaa tayari juu ya ulimi kama tende. Aliwaza kwamba hodi ikija, atamwambia yote: kadi, wasichana wa mkekani, na ile sauti isiyojitaja. Angeomba waifukuze pamoja.

Osundwa aliangalia chini, akaona Zaituni alivyokaa tayari, akadhani anaficha kitu. Aliingia. Alinyanyua godoro, akapekua mto, akatikisa hata juzuu yake ya chuoni. Hakupata kitu. Alitoka na pazia lake, na asubuhi iliyofuata akaliuza.

Adhuhuri ya Ijumaa adhana ilipoanza, alivaa kanzu, akajipaka marashi, akaondoka kwa njia ile ile. Nasambu alikuwa sokoni. Kuku walikuwa wamelala chini ya mlango uliovimba.

"Hodi," ilisema sauti katikati ya fremu. Ikasema tena, ikasema tena.

"Nani?"

"Ni mimi."

Zaituni aliyatazama matundu ya skrubu kwenye fremu. Alijua jibu alilopaswa kupewa, na alijua hakupewa.

"Kuna gari la Chekalini Ijumaa ijayo," sauti ilisema. "Nitakungoja stendi. Utakuja?"

Alikunja ushungi wake wa pili, akauweka kwenye mfuko wa plastiki, na kwa kuwa hapakuwa na haja ya kunong'ona katika chumba kile, alisema kwa sauti yake kamili:

"Karibu. Adhana ya Ijumaa hiyo ikianza, nitakuja. Nakuahidi."