Mkono wa Mama Yasmini Uko Shambani

Mama Yasmini alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, Kitangari, akimenya muhogo. Aliubana kwa nyayo zake mbili, akamenya kwa mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulipita mbele yake ukitembea kwa vidole, ukaelekea shambani kama ulivyofanya kila asubuhi tangu korosho zianze kuanguka.

Ulikatwa hospitalini juu kidogo ya kifundo, baada ya lori kuigonga bodaboda aliyopanda kwenda Newala. Kaka yake Hamudi aliuomba, akauviringisha sanda. Makaburini ardhi ilikuwa ngumu, kwa hiyo akauzika chini ya mkorosho mkubwa, ambako dada yake alikwisha kupalilia kwa ajili ya msimu. Majirani walimlaumu: mkono wa mkulima uzikwe mahali pa kazi, utalala saa ngapi? Korosho za kwanza zilipodondoka ulijifukua, ukaanza kuokota na kunyofoa mabibo. Ukiitwa hauji.

Kilichomshinda Mama Yasmini ni maji. Bomba likikauka, wanawake hushuka bondeni, naye hakuweza tena kujitwisha ndoo. Alikuwa amekata bima ya ajali. Alitaka fidia ya ulemavu anunue tangi la kukingia maji ya mvua batini. Hakutaka kingine.

Mkaguzi wa bima, kijana aitwaye Yoeli, alikuja kwa pikipiki kutoka Masasi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na vumbi.”

Akakipima kigutu, kisha akaomba aonyeshwe shamba. Chini ya mkorosho alichuchumaa, akautolea mkono wa salamu. Ukamsalimu, ukarudi kuokota.

“Una nguvu,” alisema.

“Uambie basi unitwishe ndoo.”

“Mama Yasmini, tunalipia mkono uliopotea au usiofanya kazi. Huu upo. Na kazi unanishinda hata mimi.”

“Haunisikii.”

“Bima hailipi ukaidi, mama.”

“Basi uchukue,” alisema Hamudi, aliyekuwa amewafuata, “utuachie wako mmoja. Si yote mikono?”

Yoeli alicheka, akaomba radhi kwa kucheka. Alisema Chiungutwa kuna mzee ambaye mguu wake hupanda baiskeli peke yake kwenda mnadani, naye hakulipwa.

Alipoondoka, Hamudi alinoa jembe. “Tuuzike vizuri safari hii, dada. Makaburini, na dua. Ukilala, watu wa bima watakosa la kusema.”

Mama Yasmini aliinjika muhogo, akachochea moto mpaka ukaiva. Kisha akakubali.

Hamudi aliuosha mkono na kuukata kucha. Dada yake aliushika kwa ule wa kushoto, mara ya kwanza tangu hospitalini. Ulikuwa na joto, na utomvu wa korosho umeganda kiganjani. Ulipoona sanda ulikunja ngumi, kisha ukafunguka wenyewe. Wakauzika penye ardhi ngumu, watu wakaitikia amina, na mkono haukutoka tena.

Yoeli alirudi. Alisimama kaburini, akavua kofia ya pikipiki.

“Pole sana, mama. Mkono ulikufa?”

“Tumeuzika.”

“Nakuelewa. Lakini nauliza, ulikufa wenyewe?”

Hamudi alimkanyaga dada yake mguu. Mama Yasmini akausogeza.

“Ulikuwa mzima,” alisema. “Tuliuzika ukiwa mzima.”

Kampuni ilijibu kwa upole. Ilimpa pole ya msiba, ikaeleza kwamba mteja aliyejiondolea kiungo kinachofanya kazi kwa hiari yake amejidhuru mwenyewe, na kujidhuru hakulipwi. Ilimkumbusha pia kulipia bima ya mwaka unaofuata, kwa kuwa bado ana mkono wa kushoto.

Korosho zilizobaki chini bila wa kuziokota zilianza kuota. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha alasiri, nyingi na nzuri. Maji yalishuka batini, yakavuka ua, yakatelemka bondeni. Mama Yasmini alitoa karai moja nje. Lilipojaa alijaribu kuliinua, likainama upande, likamwagika. Akaliweka tena palepale, akalisubiri lijae nusu.