Gauni la Binti wa Mwoka Mikate

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, nami nikakikimbilia kisije kikaniamshia wajukuu. Nilikuwa na safari. Mkobani mwangu, imefungwa kwenye leso kama mtu anavyofunga dhahabu, mlikuwa na flashi ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Na ndani ya flashi hiyo mlikuwa na sinema ambayo mimi na dada yangu tumeigombania tangu tulipokuwa wasichana.

Ni sinema nyepesi tu. Fundi baiskeli mwenye haya anampenda binti wa mwoka mikate. Kila asubuhi anaitoa upepo baiskeli yake mwenyewe mbele ya duka la mikate, apate sababu ya kusimama. Binti anatokeza mlangoni na kumwuliza, "Upepo umeisha tena?" Naye anajibu akitazama chini, "Umeisha wenyewe." Hivyo hivyo, mpaka siku binti anaposhuka ngazi akiwa na gauni jipya, na fundi, aliyeombwa tu ashike trei ya mikate kidogo, anaiachia yote chini.

Tuliiona mara ya kwanza kupitia dirisha la jirani yetu muuguzi, ambaye peke yake mtaani alikuwa na televisheni. Alipotukuta tumening'inia dirishani hakutufukuza. Aliigeuza televisheni ituelekee sisi, akasema eti ikikaa kule jua linaiumiza. Uongo mzuri kama ule sijausahau mpaka leo. Alipohamishwa kikazi alituachia televisheni ile, mashine yake ya video na kanda ya sinema, nasi tukaitazama tukiwa tumechumbiwa, tukiwa wajawazito, tukiwa na watoto mgongoni. Watu walituuliza kama hatuchoki. Tungechokaje? Unajua kabisa kwamba trei itaanguka, na bado unanyoosha mkono kuidaka.

Sasa, televisheni ile ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Lakini kwenye jalada la kanda paliandikwa "picha ya rangi", na hapo ndipo shetani alipopata mlango. Dada akasema gauni ni la manjano. Mimi nikasema ni la kijani. Sote wawili hatujawahi kuliona isipokuwa kwa rangi ya jivu, lakini kila mmoja aliapa. Tukawekeana sharti kwamba siku ukweli utakapojulikana, aliyeshindwa atamsuka mwenzake nywele kila atakapotakiwa, bila kunung'unika. Halafu mashine ikaitafuna kanda, televisheni ikafa, na ubishi ukabaki hai.

Siku hizi presha ya macho imempokonya dada uoni wake. Anaona mwanga na vivuli, basi. Wiki iliyopita binti yake, ambaye kwangu ni mwanangu, alinipigia simu kwa sauti ya chini.

"Mama mdogo, mama amewakataza wageni wote. Anasema wanakuja kumtazama tu, kwa kuwa yeye hawatazami. Televisheni ameifunika shuka kama maiti. Njoo wewe. Akikukataa na wewe, mimi sijui nibishe mlango gani tena."

Nikaenda kwa fundi televisheni wa mtaani kwetu, nikamsimulia sinema kuanzia baiskeli hadi trei. Aliitafuta kutwa nzima kwenye kompyuta yake, na alipoipata akaita, "Bibi, njoo uione!" Nikafumba macho palepale.

"Usinionyeshe, mwanangu. Huo utakuwa wizi."

Hakuniuliza wizi gani. Alinitilia sinema kwenye flashi, akazima kioo, ndipo akaniambia nifumbue. Kijana ana adabu yule.

Nilimkuta dada sebuleni, ameupa mlango mgongo.

"Nani?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Kasuku." Ndivyo anavyoniita, kwa sababu nilizoea kuyasema maneno ya sinema kabla waigizaji hawajafumbua vinywa. "Kama umeniletea pole, iache mlangoni pamoja na viatu. Pole ni kama sukari, ikizidi chai hainyweki."

"Sikuleta pole. Nimekuja kukushinda."

"Kunishinda nini?"

"Gauni."

Vidole vyake vikaanza kukunja ncha ya mtandio.

"Umeipata?"

"Iko mkobani."

"Na umeshaiangalia, wewe."

"Sijaiangalia. Mwulize fundi, nilifumba macho mpaka akaniona nina wazimu."

"Basi kaiangalie kwako. Leo unamletea kipofu sinema, kesho utampelekea mwenye kipara kitana."

"Macho yameumwa. Masikio nayo yameumwa nini? Wewe sikiliza, mimi nitatazama nikuambie."

Mwanangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma. Dada akapumua kwa nguvu.

"Haya, itoeni hiyo shuka. Lakini ukishindwa usinililie hapa."

Muziki ulipoanza niliona mabega yake yakishuka. Fundi baiskeli aliposimama mbele ya duka, dada alimtangulia kujibu: "Umeisha wenyewe!" Akacheka hadi akashika mbavu. Mimi nikawa namwelezea kila nilichokiona. Nikamwambia kuna mbwa amelala kwenye kona ya duka, ambaye hatukuwahi kumwona.

"Mbwa gani? Hakuna mbwa."

"Yupo. Watu wote wanamruka naye hajui."

"Miaka yote hiyo! Kumbe tulikuwa na mbwa," akasema dada, kama mtu aliyeletewa habari za jamaa aliyepotea.

Kisha ngazi zikaanza kulia. Tukashikana mikono. Binti akashuka.

Lilikuwa la manjano. Manjano kama kiini cha yai. Mikate ikamwagika chini kwa kishindo.

"Haya?" dada akauliza.

"Manjano," nikasema.

Akauachia mkono wangu.

"Zima."

"Dada, nakuambia..."

"Zima! Hata wewe? Muuguzi alitugeuzia televisheni, na wewe umekuja kunigeuzia gauni. Tangu lini Kasuku akakubali kushindwa upesi hivyo? Pole yako umeificha kwenye flashi."

"Mama, ni la manjano kweli," akasema mwanangu. "Hata mimi naliona."

"Wewe nyamaza. Mlipigiana simu, nilisikia."

Mwanangu alikuwa ameisimamisha picha pale binti alipofika ngazi ya mwisho. Dada ameukaza uso, nami nimeshauchukua mkoba wangu. Nilijua kwamba nikitoka hivi, mlango ule hautafunguliwa tena kwa mtu yeyote. Nikatafuta neno la upole la kumwambia, sikulipata. Nililolipata ni lile gauni, limenikodolea macho pale kwenye kioo, na hasira zikanipanda.

"Na kwa taarifa yako," nikasema, "halimpendezi! Manjano gani haya, kama mtu aliyemwagikiwa na rangi ya ukuta! Ngozi ile na shingo ile zilitaka kijani. Nani alimchagulia kitambaa? Aliyelishona alikuwa amelala kama yule mbwa! Mimi maisha yangu yote nimemvalisha vizuri, nimemvalisha kijani, halafu leo anashuka ngazi mbele za watu ananiaibisha namna hii!"

Nikapiga meza, vikombe vikaruka. Dada alikuwa amekiinamisha kichwa upande mmoja, kama anayetafuta stesheni ya redio.

"Endelea," akasema.

"Siendelei!"

"Umekasirika."

"Nimekasirika, ndiyo!"

"Umekasirika kikwelikweli." Midomo yake ikaanza kumcheza. "Anayekuhurumia hapigi meza. Ni la manjano! Nilisema mimi! Nilisema manjano, mkanicheka! Mwanangu, lete kitana na mafuta, mtumishi wangu amefika!"

Basi nikakaa kwenye kiti, yeye akakaa kwenye mkeka mbele ya magoti yangu, na sinema ikaendelea. Nywele zake zimekuwa nyeupe, laini kama pamba. Nilimsuka polepole, yeye akinung'unika kwa niaba yetu wote wawili.

"Usinivute, mshindwa. Fundi anafanya nini sasa?"

"Anaokota mikate."

"Anaifuta kwa shati?"

"Anaifuta kwa shati."

"Mwanamume wa maana yule."

Mwanangu naye hatimaye alikaa, sufuria bado iko mapajani. Muziki ulipobadilika kuelekea mwisho, pale mvua inapowakuta wapenzi wawili chini ya mwavuli mmoja, dada aliinua mkono kwa ghafla.

"Mwavuli! Kasuku, fumba macho! Upesi!"

Nilikuwa nimesahau. Mwavuli nao tulikuwa na kesi yake. Dada anasema ni mwekundu, mimi nasema ni wa bluu. Nikajifunika uso kwa mtandio. Hivyo sinema ilimalizika mbele ya mmoja asiyeona na mwingine aliyekataa kuona, na mtazamaji akawa mwanangu peke yake, anacheka mpaka machozi.

"Mimi nimeuona!" akasema.

"Ukifungua mdomo, nakunyima urithi," dada akamwambia.

"Urithi gani, mama?"

"Televisheni."

Alipoinuka kuniandalia chai, mwanangu aliikunja ile shuka na kuitia kabatini. Mlango wa kabati ulilia. Dada aliusikia, akaomba kikombe chake.

Jioni alinisindikiza mwenyewe hadi nje, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mwingine ukishikashika misuko yake mipya.

"Mwavuli ni mwekundu," akasema.

"Ni wa bluu."

"Nitamwita na yule jirani fundi cherehani awe mwamuzi wetu. Rangi anazijua, na kubishana anapenda. Nilimfukuza juzi, lakini atanisamehe." Akaushika mkono wangu, akaubana. "Njoo Jumamosi, mdogo wangu. Usipokuja nitasema umeogopa. Njoo."