Gari Iliyopanda Kabambare kwa Mgongo

Mutu akikutegea kwamba kuna mnyama anayenguruma kama chui, anatoa moshi, lakini hasogei hata kiganja kimoja, usihangaike kumtafuta porini. Ni gari ya Grégoire, siku ile, kwenye mupando wa kutoka mtoni, na Deborah, muke wake, iko ndani yake na uchungu wa kuzaa.

Bibi Régina alikuwa amekaa nyuma, kichwa cha Deborah kiko mapajani mwake. Deborah ni mjukuu wake, mutoto wa mutoto wake wa kwanza. Asubuhi muuguzi wa kule Lusangi walikotoka alimpima tumbo, akalipima tena. Halafu akasema mutoto amelala akikingama tumboni, hawezi kutoka kwa njia yake. Lazima mama apasuliwe, na munganga wa kupasua iko Kabambare.

"Mumupeleke leo," alisema. "Musingojee kesho."

Pikipiki haingembeba mutu wa hali ile. Wanaume wa kumbeba mabegani kwa tipoi, kile kitanda cha miti, walikuwa wameshuka kwenye mashimo ya dhahabu. Ikabaki gari, na gari hiyo Bibi Régina hakuipenda tangu ilipotoka garaji.

Ilikuwa gari ya otomatiki, ile isiyo na ambreyaji ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, inayojibadilishia vitesi, yaani gia, yenyewe. Watu wa Kasongo walimcheka sana Grégoire alipoinunua, wakaiita gari ya mutu asiye na mguu wa kushoto. Vitesi zilipoanza kuteleza aliipeleka kwa Pitchou, fundi wa hukohuko Kasongo aliyekulia chini ya malori. Pitchou hakuogopa kitu. Aliifungua bwate ya vitesi, lile sanduku lake, akatandaza vyuma vyake juu ya majani ya mgomba kama mutu anayeanika samaki, akaviosha, akavirudisha. Bibi Régina alikuwapo, alikuwa amekwenda kuona jamaa zake. Akaona pete mbili zimebaki juu ya jani.

"Na hizi, baba?"

"Hizo ni za ziada, Bibi. Wenye kutengeneza gari wanaweka vitu vingi ili watuogopeshe."

Kisha akamimina mafuta mazito ya lori. Yale mepesi mekundu, alisema, ni ya nchi zenye barabara laini. Bibi Régina hajui chuma. Lakini alikuwa amekatakata kuku wengi maishani mwake, na hakupata kuona kuku aliyeshonwa tena, akapungukiwa viungo viwili, akatembea.

Sasa moteri ilikuwa inalia, na miti ya pembeni imesimama palepale.

"Mume wangu," alimwita Grégoire, maana kwao bibi humwita hivyo mume wa mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mke mwenzake. "Mbona inapiga kelele na haiendi?"

"Inateleza, Bibi. Ninakanyaga mafuta, moteri inasikia, magurudumu hayasikii."

Kisha gari ikaanza kurudi. Grégoire alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na magurudumu yakasimama kweli, lakini tope halikusimama. Wakashuka polepole, kama sufuria inayoteleza juu ya meza iliyolowa, na nyuma yao, chini kabisa, lilikuwa daraja la magogo na maji ya mvua yanayopita juu yake. Bibi Régina alifungua mlango. Hakujua alishukaje. Alijikuta amepiga magoti barabarani, anasukuma jiwe nyuma ya gurudumu, na gurudumu linakuja kwenye vidole vyake. Jiwe likashika. Gari ikatulia, imeinama upande mmoja.

Ndani Deborah alilia mara moja, akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomtisha Bibi zaidi.

Grégoire alijaribu vitesi zote za kwenda mbele. Hakuna iliyoshika. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa. Mwishowe akaweka ya kurudi nyuma, na gari ikaruka, ikagonga lile jiwe kwa nguvu. Akaizima haraka. Alikaa mikono juu ya usukani, jasho linamdondoka kidevuni.

"Imebaki na njia moja," alisema. "Inajua kurudi nyuma tu."

"Turudi Lusangi, basi?"

"Lusangi hakuna munganga wa kupasua." Alifikiri. "Pale chini, karibu na daraja, kuna uwanja ambapo malori yanangojea zamu. Nikishuka hapo naweza kuizungusha, mgongo wake uangalie huku juu. Halafu tupande kinyumenyume mpaka Kabambare."

"Hapana," Deborah alisema kutoka ndani.

"Deborah, mama," Grégoire alimbembeleza.

"Hapana nimesema. Bibi, mwambie."

Bibi Régina alijua Deborah anaogopa nini. Ni yeye aliyemfundisha. Katika ukoo wao mwenye mimba hatoki mlangoni kwa mgongo, hakai ndani ya mtumbwi akitazama kule alikotoka. Ukimrudisha nyuma mama, mutoto naye anageuka tumboni, anasahau mlango. Maneno hayo aliyapokea kwa bibi yake mwenyewe, na hakuna siku aliyoyatilia shaka.

"Tayari amelala vibaya," Deborah alisema. "Mukinirudisha nyuma ataniua. Heri mniache hapa."

Bibi Régina angeweza kumwambia kwamba hayo ni maneno ya wazee tu. Ulimi ulikataa. Yeye mwenyewe aliogopa vilevile. Akatazama kitenge kilichokuwa chini ya Deborah, akaona damu imeongezeka, imevuka ua la kwanza, inafikia la pili.

"Mke mwenzangu," alisema mwishowe, "mbele ni wapi?"

"Bibi, usinitegee vitendawili leo."

"Nijibu. Mbele ya mutu ni wapi?"

Deborah alivuta pumzi. "Kule anakotazama."

"Basi. Gari ikitaka kurudi nyuma irudi, ni shauri yake na Pitchou. Wewe tutakugeuza, uso wako uwe kwenye kioo cha nyuma. Utakwenda Kabambare ukiitazama Kabambare. Anayerudi nyuma ni chuma."

Deborah alimtazama usoni kwa muda, anatafuta kama amedanganywa. Bibi Régina hakuinamisha macho, ingawa hakujua kama wakubwa waliolala udongoni wangekubali werevu ule. Kisha Deborah akanyosha mkono ili ageuzwe.

Walilaza kiti, wakapanga godoro. Bibi akakaa nyuma ya mjukuu wake, akamkumbatia chini ya matiti, wote wawili wanatazama nje kwa kioo cha nyuma. Grégoire akaliondoa jiwe, akarukia usukani, gari ikashuka kinyumenyume mpaka chini.

Kule uwanjani, gari ikigeuka, gurudumu moja lilipita ukingoni kabisa, udongo ukamegeka na kuanguka majini, wakausikia. Grégoire alikuwa amegeuza shingo, lakini vichwa vya wanawake wawili vilimziba.

"Sioni kitu, Bibi."

"Mimi ninaona," Deborah alisema. "Vuta usukani kwako. Tena. Sasa nyosha."

Ndivyo walivyopanda. Deborah aliita njia, na mumewe alizungusha usukani. Kushoto kidogo. Shimo. Pita juu ya nyasi. Gari ilikuwa inalia kama mbuzi anayevutwa sokoni, lakini ilipanda. Bibi alihisi tumbo la mjukuu wake chini ya mikono yake, linakuwa gumu kama jiwe, linalegea, linakuwa gumu tena. Sauti ya Deborah ikaanza kupungua.

"Kitendawili," Bibi alimwambia sikioni.

"Tega."

"Ninamlisha bila mkono, ananipiga bila fimbo."

"Ni huyu," Deborah alisema, na nusu ya cheko ikamtoka. "Leo hanipigi, Bibi. Tangu mtoni hajanipiga."

Bibi Régina aliisikia habari hiyo ikishuka ndani yake kama maji baridi. Akabonyeza tumbo kwa kiganja, akangojea teke.

Kwenye kona ya juu, ambapo mvua imekula barabara na kubakiza korongo, uchungu ulimshika Deborah, akafumba macho na kuuma kitenge. Gari iliendelea. Bibi aliona weupe wa ukungu chini, mahali ambapo ardhi ilipaswa kuwapo. Macho yake ni ya kizee, hayapimi tena mbali na karibu.

"Simama," alisema.

"Nikisimama hapa haitapanda tena."

"Basi vuta kwako. Vuta, mume wangu, vuta yote."

Gurudumu la nyuma likazunguka hewani. Wote watatu walilisikia. Kisha likauma udongo.

Waliingia Kabambare jioni, jua bado liko juu ya mabati. Watu wa sokoni walipiga mayowe ya kicheko.

"Shofere, nyumbani kwenu mulisahau nini?"

"Muache, anaogopa wanaomdai, anataka waone kama anaondoka."

Waliposogea na kuona nyuso mbili kwenye kioo cha nyuma, mmoja wa bibi na mwingine umekuwa kijivu, kicheko kikakatika. Wanaume wakaweka mabega kwenye gari, wakaisukuma mpaka mlango wa hospitali.

Deborah alipelekwa ndani. Mlango ukafungwa. Grégoire alikaa chini ukutani, shingo yake imekataa kurudi mahali pake, anamtazama Bibi kwa pembeni kama kuku.

"Bibi, hiyo ya mbele na nyuma, ni kweli wazee walisema hivyo?"

"Nyamaza, baba."

Hakumwita mume wake. Utani wenyewe ulimshinda.

Akakaa kando yake, wakangoja. Kikapita kilio chembamba, kikakatika, kikarudi na hasira. Grégoire akaficha uso. Bibi Régina hakusogea. Mutoto amelia, vizuri, lakini yeye alikuwa anangojea sauti nyingine, ya Deborah, na hiyo haikuja.

Muuguzi akatoka, glavu bado ziko mikononi.

"Bibi Régina ni nani? Muke anaamka, anasema hataki mutu mwingine aingie mbele yako."

Bibi Régina alitaka kusimama.  Lakini alibaki amekaa, mikono juu ya mapaja, anacheka bila sauti huku machozi yanamwingia mdomoni, mpaka Grégoire, mwenye shingo iliyopinda, alipomshika chini ya makwapa na kumuinua.